Hewa Iliyobaki Kwenye Tangi

Wiki iliyopita mtoto wa baba mkubwa alikuja kwenye kibanda changu hapa Rangwe na pikapu tupu. Aliirudisha kinyumenyume mpaka karibu na kompresa, akashusha mlango wa nyuma, ndipo akakumbuka kunisalimia. Pole za msiba wa mama alizitoa haraka, kama mtu anayepangusa miguu mlangoni. Kisha akaeleza kilichomleta. Kompresa ilinunuliwa na baba yangu, baba yangu alikuwa ndugu wa baba yake, mama sasa tumeshamzika, na mimi ni msichana. Nina miaka arobaini na mitatu na mvi nazipaka rangi, lakini kwa ukoo wetu binti asiye na mume huitwa msichana mpaka siku ya jeneza lake. Kwa hiyo mashine irudi kwa wanaume. Anafungua mahali pa kuosha magari huko Rongo, naye anaihitaji.

Nilimwacha amalize. Nilichomjibu nitakisema kwa wakati wake. Alipokuwa akiongea mimi nilikuwa nanusa kitu.

Chini ya kila tangi la hewa kuna koki ndogo. Hewa inayobanwa hutoa maji, maji hukaa chini na kula chuma, kwa hiyo usipoyamwaga tangi litatoboka siku moja na kukuaibisha mbele ya wateja. Hutoka ya kahawia, na harufu ya kutu iliyochanganyika na mafuta ya mashine, kama sufuria iliyosahauliwa nje msimu mzima wa mvua. Tone moja lilikuwa limening'inia kwenye koki ile siku hiyo. Wenzangu wa rika hili mtanielewa: pua haina adabu, haiulizi kama una mgeni. Ilinichukua ikanirudisha nilipokuwa na miaka tisa.

Baba alikuwa fundi wa pancha hapa hapa. Kompresa yake ilikuwa na magurudumu mawili, tangi la kijani lililochubuka, na juu ya tangi kichwa cha chuma kinachobana hewa. Kando ya kichwa palikuwa na mota ya stima, na mkanda ulioviunganisha. Ilikuwa kuukuu tangu siku aliyoinunua. Geji yake ya kupimia hewa ilikufa kabla sijazaliwa. Mshale ulisimama mahali pamoja, tangi likiwa limejaa au limekauka. Baba alipima hewa kwa kugonga tangi kwa kidole na kusikiliza, na alinifundisha mimi pia. Tangi tupu hulia kama ndoo. Lililojaa hujibu kwa mkato, kama mtu aliyeshiba ambaye hataki maswali.

Kisha kifua kikaanza kumsumbua. Siku yake ya mwisho kibandani alijaza tangi, akazima stima, akazungusha paipu vizuri na kuitundika, akaenda hospitali Homa Bay. Hakurudi. Kwenye matanga wakubwa walimpa kila mgeni maneno yale yale: "Pumzi ilimwisha." Walisema kana kwamba hawajui ilikokwenda. Mimi nilijua. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akiijaza kwenye tangi, yote, asibakishe ya kwendea hospitali. Usinicheke. Mtoto hupewa vipande vipande, kuunganisha anaachiwa mwenyewe.

Siku tuliyomaliza kuzika nilitoroka nikaenda kibandani, nikagonga tangi kwa kidole. Likajibu kwa mkato. Nikakaa chini nikaliegemea mpaka nikatafutwa.

Baba mkubwa, kaka yake Baba, alikuja na spana kabla udongo wa kaburi haujakauka. Alifungua mota akaipeleka kwenye mashine yake ya kusaga mahindi. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha Baba. Watu walimwita Nyar Kisegi kwa sababu alizaliwa Kisegi, kule ziwani, na watu wa ziwani wana sifa ya kutosema kwa sauti ya chini.

"Mwanamke atafanyia nini mota?" Baba mkubwa aliuliza, ingawa hakuna aliyekuwa amemwuliza yeye kitu.

"Umechukua mota," Mama akasema. "Tangi umeacha."

"Tangi bila mota ni ngoma tu."

"Basi niachie ngoma yangu, shemeji."

Lakini mota haikuwa mwisho wa alichotaka. Kwa desturi yetu mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu, na kabla hajarithiwa hatakiwi kuzunguka wala kuingia boma za watu, asije akawaletea chira, ile laana inayomnyausha mtu kama mahindi ya kiangazi. Mama alikuwa Msabato wa kweli na mkaidi wa kweli. Sijui kipi kilitangulia. Alikataa kurithiwa, akakataa mbele ya mashahidi. Ndipo Baba mkubwa, ambaye karatasi ya kiwanja cha kibanda ilikuwa na jina lake, akampa mpaka mwisho wa mwezi. Kibanda kikiwa bado kimekufa, atampa fundi mwingine, nasi tutahamia kwake, chini ya paa lake na amri zake. Nilielewa vizuri sana. Tukishindwa, Mama atakuwa mke wa mtu yule, na pumzi ya Baba itakuwa mali yake.

Jumapili iliyofuata Mama alinishika mkono tukaenda Macalder, mjane asiyerithiwa, mchana kweupe, na gunia la omena, dagaa wa ziwani kwao. Alikuwa amesikia kwamba wachimba dhahabu huko hutupa injini ndogo za petroli zikichoka. Walitusimamisha mbali na mashimo. Mwanamke akisogea, walisema, dhahabu inakimbia.

"Dhahabu yenu ikae," Mama akawaambia. "Mimi nimefuata injini."

Mzee mmoja wa pale alitupeleka nyuma ya kibanda cha mabati, akafunua gunia. Chini yake palikuwa na injini nyekundu, ndogo kiasi cha kubebwa na mtu mmoja, iliyokuwa ya pampu ya maji. Hakuigusa. Alituonyesha kwa fimbo.

"Hii hakuna mtu anataka. Tuliishusha ndani ya shimo ivute maji. Vijana wawili walikuwa nayo huko chini. Hawakupanda." Akashusha sauti. "Hii kitu imekula watu, nyathina, mtoto wangu. Ina wenyewe."

"Mliishusha ikiwa inawaka?"

"Ee."

"Na moshi wake ulikuwa unaenda wapi?"

Mzee aliangalia shimo, akaangalia fimbo yake.

"Injini inakula hewa kama wewe," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa na hasira, si na yule mzee, sijui na nani. "Inakula nzuri, inatema mbaya. Mliwafungia watoto wa watu na moshi kwenye tundu moja. Kisha mnasingizia mizimu."

 Mzee alichukua omena, nasi tukachukua injini. Njia nzima, ndani ya matatu, ilikuwa miguuni pangu, imefungwa kwa leso, na mimi nimekunja magoti hadi kidevuni. Maelezo ya moshi nilikuwa nimeyasikia, lakini niliyoyashika ni mengine: humo ndani kuna vijana wawili.

Habari zilitutangulia Rangwe. Fundi wa kuchomelea vyuma alitutengenezea bamba la kufungia injini, ila alichomelea bamba tupu, injini ikiwa upande wa pili wa barabara. Kufunga, Mama alifunga mwenyewe. Alijua kwamba mota ya stima huzunguka polepole na injini ya petroli hukimbia, kwa hiyo ukiiwekea puli kubwa ya kuzungusha mkanda itakimbiza kichwa cha kompresa mpaka kiungue. Alitafuta puli ndogo, akaipata kwenye mashine mbovu ya kupukuchua mahindi. Alikosea mara moja: alifunga bolti zote nne, ndipo akaona mshale uliochorwa kwenye gurudumu la kichwa unaelekea kinyume na injini inavyozunguka. Fundi wa kuchomelea akacheka. Mama akafungua bolti nne, akaihamishia injini upande wa pili wa mkanda, akafunga bolti nne, akamwuliza kama kicheko kimebaki. Kisha mimi nikashika ncha ya uzi, yeye akashika nyingine, tukaupitisha juu ya puli zote mbili kuona kama zimenyooka. Alijifunza wapi haya yote? Miaka kumi alimletea Baba chakula cha mchana, akakaa kumwangalia akifanya kazi. Watu walidhani anasubiri sahani.

Alhamisi jioni kilibaki kitu kimoja, na kitu hicho alinipa mimi.

"Sikiliza," alisema. "Injini hii ni ndogo, haiwezi kuanza ikiwa imebeba mzigo. Na ile valvu ya kuzuia hewa isirudi kwenye kichwa imechoka. Kama kuna hewa kwenye tangi, itaisukuma nyuma. Mkono wako ni mwembamba. Ingia chini ufungue koki, mwaga yote, hata kidogo kisibaki."

Nililala kifudifudi, nikapitisha mkono, nikalegeza koki nusu mzunguko. Ikapiga mluzi. Upepo baridi ukanipiga usoni na ile harufu, na mimi nikasikia kwa uwazi kabisa kwamba huyo ni Baba anatoka. Anatoka anakwenda barabarani, ili vijana wawili wa Macalder waingie wakae mahali pake. Nikakaza koki. Ng'ambo, fundi wa kuchomelea alikuwa anasaga chuma, kelele imejaa soko zima.

"Imeisha?" Mama akauliza kwa sauti ya juu.

"Imeisha."

Sijawahi kuona haya kwa uongo ule. Nimeuonea uchungu, lakini haya hapana.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa kwetu ndiyo siku ya maiti kupita. Hutolewa mochari, hupelekwa kulala nyumbani kwao kabla ya mazishi. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Jioni, jua likiwa limebakiza kama saa moja lizame na Sabato iingie, msafara ulisimama mbele ya kibanda cha fundi wa pancha aliyekuwa ng'ambo: pikapu yenye jeneza na magari mawili ya waombolezaji. Tairi la nyuma la pikapu lilikuwa limetoboka, na la akiba walishalitumia huko nyuma. Fundi aliziba tundu, lakini tairi lilikuwa limeachana na rimu, na kompresa yake ya stima ilikuwa imelala kama mfu. Alijaribu pampu ya mguu. Hewa iliingia huku ikatoka kule. Tairi la namna hiyo linataka hewa nyingi kwa mpigo mmoja, la sivyo halirudi.

Kwetu, gari la maiti likikwama, watu husema marehemu amekataa kwenda, na ni lazima abembelezwe. Mzee mmoja, ndugu yake, aliweka kiganja juu ya jeneza.

"Owadwa, wadhi dala," alimsihi. Ndugu yangu, twende nyumbani.

Hapo kila mmoja akaanza kukumbuka alichomkosea. Mmoja akasema ni yule fahali aliyeuzwa bila marehemu kuulizwa. Mwingine akasema hapana, ni yule mke wake mdogo, hakuambiwa msiba mapema. Mke mdogo alisikia, akaanza kulia upya.

Mama alivuka barabara akipangusa mikono kwa leso.

"Baba," akamwambia yule mzee kwa heshima, "aliyekataa si yeye. Ni tairi. Leteni hapa kwangu."

Watu waligeuka. Na katikati yao alikuwa Baba mkubwa, aliyekuwa ametoka kwenye mashine yake isiyo na stima, unga bado nyusini.

"Kwako?" akasema. "Waambie basi injini yako imetoka wapi. Waambie iliua wangapi." Akawageukia wageni. "Mnataka mtu wenu aende nyumbani akibebwa na hewa ya wafu?"

 Mama alitazama jeneza, akamtazama Baba mkubwa.

"Muulizeni mwenyewe," akasema, "kama anaogopa wafu."

Waombolezaji waligeukia jeneza. Kisha yule mzee akakohoa, na kikohozi kikageuka kicheko alichojaribu kukificha kwa kofia. Akaashiria kwa mkono. Tairi likavingirishwa kuja kwetu.

Mama alifungua petroli, akavuta choki, akashika kamba ya injini, akavuta. Injini ilizunguka nusu, ikakwama, kamba ikarudi kwa nguvu na kumpiga mkono kwenye fito ya kibanda. Nilisikia kidole kikigonga. Akavuta tena. Ikamrudi tena, safari hii ikamwangusha goti moja. Watu walirudi nyuma hatua moja, wote pamoja.

"Wanakataa," mtu akasema. Hakusema akina nani, na hakuna aliyeuliza.

"Nilisema mimi," alisema Baba mkubwa, na alisema kwa furaha. Miaka hii yote nimemsamehe mota. Furaha ile sijamsamehe.

Mama alivuta mara ya tatu. Damu ilikuwa inatiririka kwenye kamba. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona, hata kaburini: alikuwa anaanza kuwaamini. Na katika soko zima la Rangwe ni mimi peke yangu niliyejua kwamba hakuna kijana yeyote wa Macalder anayemzuia. Aliyemzuia ni Baba, na niliyemfungia Baba ni mimi.

Nilijitupa chini ya tangi. Koki iligoma kwa vidole. Nikaifungua kwa meno. Iliporuka, hewa ilitoka kwa mlio mrefu uliotisha, na maji ya kutu yakanijaa mdomoni na machoni. Watu walikimbia. Mwanamke mmoja alilitaja jina la Yesu, na Baba mkubwa, ninafurahi kuripoti, alikuwa mbele ya wanaokimbia.

"Si wafu!" nilipiga kelele kutoka kule chini. "Ni hewa ya Baba! Ni mimi niliificha!"

Nilitambaa kutoka nikiwa nimefumba macho, nikisubiri kofi. Halikuja. Nilipofumbua, Mama alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa tangi, ameinamisha uso karibu na koki, na upepo ule ulikuwa unazipeperusha nywele zake zilizokuwa zimeanza kuota baada ya kunyolewa. Alikaa hivyo mpaka mlio ukawa mluzi, mluzi ukawa kimya.

"Kumbe ulikuwa naye peke yako," akasema polepole. "Ungeniita."

Kisha akasimama. "Funga koki. Jua linazama."

Alivuta kwa mkono wa kushoto. Injini ilikohoa, ikatema moshi wa buluu, ikanguruma, na ngurumo ile iligonga mabati ya soko lote. Mama aliigeuza kompresa ili moshi uende upande wa barabara, mbali na watu. Tulisubiri, yeye akigonga tangi kwa kidole, mimi nikisikiliza, mpaka likajibu kwa mkato. Aliunganisha paipu. Tairi lilijivuta, likalia, kisha likaruka kwenye rimu kwa mlipuko uliomfanya mke mdogo aache kulia. Pikapu iliondoka. Yule mzee alipita akimpungia Mama kofia, naye Mama akazima injini, akaifunika kwa gunia, akanipeleka nyumbani kuoga kwa ajili ya Sabato.

Jumatatu kulikuwa na matairi mawili yakisubiri. Mwisho wa mwezi Baba mkubwa alikuja, akasimama akaangalia, mwisho akaomba aongezewe upepo kwenye baiskeli yake. Mama alimwongezea. Habari ya kuhamia kwake haikutajwa tena.

Sasa nirudi kwa mwanawe na pikapu yake. Alipomaliza kuongea juu ya wanaume na mali yao, nilimwambia, "Mota yenu mlishachukua. Injini hii Mama aliinunua kwa omena." Akacheka, akasema mambo ya zamani hayo. Nikamwambia sawa, tusigombane kama wanasiasa. "Ukiiwasha, ibebe."

Akavua koti. Ni mtu mkubwa, anakula vizuri. Alishika kamba akavuta kama anang'oa muhogo, na kamba ikamrudi ikamtandika vidole. Alitukana kwa Kiluo, akavuta tena, ikamrudi tena. Mara ya tatu alijishika kiwiko akakaa juu ya tairi.

"Hii imekufa," akasema. "Ni maskrapu hii."

"Pole sana," nikasema.

"Kaa na ngoma yako."

Sikumwambia kwamba tangi limejaa. Mama ndiye aliyejaza tangi lile mara ya mwisho, asubuhi aliyokwenda hospitali, na valvu yake aliibadilisha mwenyewe mara tatu maishani, nayo sasa imechoka tena. Tangu tumzike nimekuwa nikitumia kompresa ya stima iliyo ndani, nikijiambia hii nitaishughulikia wiki ijayo. Najua hewa ni nini. Nawafundisha vijana wangu kazi hii. Lakini sikuwa nimeigusa ile koki.

Alipoingia kwenye pikapu yake, nililala chini mchangani na mvi zangu, nikapitisha mkono, nikafungua. Niliweka uso pale mpaka ikaisha yote. Kisha nikafunga koki, nikasimama, nikavuta kamba mara moja. Iliwaka. Pikapu ilikuwa bado ukingoni, inangoja lori lipite ndipo iingie barabarani, na dirisha lake lilikuwa wazi. Nikaongeza petroli mpaka mwisho, ingurume.